Si Kila Msiba Ni Majaliwa

Mwalimu yeyote wa Kiswahili nchini Kenya aliyewahi kusahihisha insha anaifahamu sentensi hii: "Ama kweli, ajali haina kinga." Mwanafunzi ameagizwa asimulie ajali aliyoishuhudia. Basi limeacha njia, vioo vimetapakaa, vilio vimehanikiza kila upande, na mwishoni, penye nafasi ya funzo, methali inajileta yenyewe. Mwalimu naye huitia alama ya vyema, kwani imetumiwa mahali pake. Sina ugomvi na methali. Ugomvi wangu ni na ule utulivu tunaoupata baada ya kuiandika. Utulivu huo umetoka daftarini ukapanda mimbarini, na kutoka mimbarini ukashukia makaburini, hata imekuwa vigumu kwa Mkristo wa kwetu kupambanua kati ya dhiki inayompata kwa kuwa yeye ni binadamu na dhiki anayotendewa na binadamu mwenzake.

Neno lenyewe lina historia. Ajali tumelirithi kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni muda uliowekwa, hasa kikomo cha uhai wa mtu. Katika Kiswahili cha kale cha pwani maana hiyo imo: ajali ya mtu ni siku yake. Kisha yakaja magari, na neno lililokuwa la siku ya kufa likahamishiwa kwenye breki zilizokatika na madereva waliosinzia. Sisi wanaisimu huonywa tusidhani kwamba asili ya neno ndiyo maana yake ya leo, nami onyo hilo naliheshimu. Hata hivyo, sikiliza namna redio zinavyotangaza: "Gari lilipoteza mwelekeo." Gari, si dereva! Kabla askari hajafika na kipimo chake, sarufi imekwisha kutoa hukumu, na mwenye gari ametoka mahakamani huru.

Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likisafiri kutoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la Mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakaangamia. Kila mtu wa Meru anaujua mteremko ule na ile kona inayoufuata kwa ghafula. Watu wamekufa pale kwa miongo kadhaa, tena kwa makundi. Mahali ambapo mauti yamepiga hodi mara nyingi kiasi hicho, na kila mpita njia anapajua kwa jina, tutaendeleaje kusema kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika? Siku ya watu wengi iwezaje kufika daima kwenye kona ileile?

Nimehudhuria mazishi mengi kwetu Muthara, katika Tigania Mashariki, kandokando ya vilima vya Nyambene. Mahubiri ya mazishi yetu yana lugha yake. Marehemu "ameitwa". Marehemu "amechukuliwa". Mungu amepita katika bustani yake na kulichuma ua alilolipenda. Tusimwulize Mungu maswali. Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kwamba sentensi hizi aghalabu hazina mtenda, na zikiwa naye, mtenda ni Mungu peke yake. Aliyeendesha gari kwa ulevi hamo. Aliyeuza dawa bandia hamo. Mume aliyempiga mkewe hadi akafa yumkini ameketi katika safu ya mbele akifutwa machozi, naye pia hamo katika sentensi.

Sikatai kwamba ziko dhiki zisizoepukika. Uzee utakuja, na kabla yake huja maradhi. Nyanda zilizo chini ya Nyambene hazipati mvua ya kutegemewa, na hakuna sala iliyowahi kulifanya jua la Januari liwe la Aprili. Ziko na zile ambazo, ingawa zimetokana na watu, mkulima wa Tigania hana mkono nazo. Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013, na Uingereza ikafuata mwezi Juni 2014, hakuna aliyemwuliza mkulima. Somalia ilipofunga soko lake mwezi Machi 2020, ikalifungua Julai 2022, katika kipindi hicho karo za watoto hazikulipika, na walimu wanakumbuka madawati yaliyokuwa matupu. Katika misimu ya namna hiyo nimeona imani ikifanya kazi ambayo hakuna wizara ingeifanya. Jumuiya hukutana katika boma la aliyefiwa, akina mama hupika, mtu asiye na kitu huleta fungu la kuni, na usiku hupita kwa nyimbo. Huo ndio ushahidi wa imani ninaouheshimu kuliko hotuba zote za mhadhara.

Walioleta Ukristo huku nao, yawayo yote mengine tunayowalaumu kwayo, hawakuwa watu wa kukunja mikono. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka 1911, na Wamethodisti wakajenga kituo Kaaga mwaka uliofuata. Hospitali ya Kimethodisti ya Maua haikujengwa na watu walioamini kwamba malaria ni majaliwa.

Basi tatizo liko wapi? Nadhani liko katika neno saburi. Katika Agano Jipya la Kiswahili, saburi, na wakati mwingine ndugu yake subira, husimama mahali pa neno la Kigiriki ambalo sehemu zake mbili zina maana ya "chini ya" na "kubaki". Ni picha ya mtu aliye chini ya mzigo, naye amesimama. Hakuangushwa nao, wala hakuulalia akasinzia. Dhiki nalo katika Kiarabu asili yake ni wembamba, mahali pa kusongwa, na neno la Kigiriki linalofasiriwa kwa dhiki lina maana hiyohiyo ya kubanwa. Mtu aliyesongwa hupiga kelele. Sisi tumeifanya saburi kuwa kunyamaza, tukamsifu anayenyamaza sana kuwa ndiye mwenye imani kubwa.

Biblia yenyewe haikubaliani nasi. Msomaji na akifungue kitabu cha Ayubu, ambacho kila mhubiri hukitaja mazishini. Tunapenda sura ya kwanza, ile ya Mungu kutoa na kutwaa. Tunaruka sura ya tatu, ambamo Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na sura nyingi baada yake ambamo anamdai Mungu majibu kama mtu aliye barazani penye kesi. Marafiki zake watatu walipokuja, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hapo walikuwa marafiki kwelikweli. Ubaya ulianza walipofungua vinywa na kumweleza maana ya mateso yake. Na katika sura ya mwisho, ya 42, wanaokemewa na Mungu ni wale wafafanuzi. Ayubu aliyelalamika ndiye anayeambiwa kwamba amesema yaliyo sawa. Zaburi nazo, sehemu kubwa yake ni vilio, na waliozipanga hawakuona haya kuziweka katika kitabu cha ibada.

Kuhusu ajali, Yesu alisema waziwazi. Mwinjilisti Luka, katika sura ya 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Watu wa siku zile, kama wa siku zetu, walitaka kujua marehemu walikuwa na dhambi gani. Yesu aliikataa hesabu hiyo, kisha akawageuzia walio hai macho yake na kuwadai toba. Mimi si mwanatheolojia, na wenye taaluma hiyo watanisahihisha, ila katika usomaji wangu mnara ule haukupewa heshima ya kuitwa mapenzi ya Mungu.

Liko jambo jingine ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Injili ya Marko iliandikwa kwa Kigiriki, lugha ya soko na utawala wa dola nzima wakati ule. Lakini kilio cha Yesu msalabani, kile cha kuuliza kwa nini ameachwa, Marko alikihifadhi kwa Kiaramu kwanza, kisha ndipo akakifasiri. Mtu akifikwa na uchungu wa mwisho hurudi katika lugha aliyonyonyeshwa nayo. Ndivyo ilivyo Muthara. Mhubiri atahubiri kwa Kiswahili fasaha, mbunge atachanganya Kiingereza, lakini mama anapomwaga mchanga wa kwanza hulia kwa Kitigania, na katika kilio chake nimesikia maswali yote tuliyokatazwa kuuliza. Sijasikia mhubiri hata mmoja akiyanukuu.

Wazee wetu nao, kabla ya kuisikia Injili, walikuwa na simulizi yao ya dhiki. Wameru husimulia kwamba waliishi katika utumwa mahali paitwapo Mbwaa, penye maji, ambapo wataalamu wengine wamepahusisha na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Mabwana wao waliwapa mitihani isiyowezekana: walete ndara zenye manyoya pande zote mbili, watengeneze mkuki unaofika mbinguni. Mitihani mingine waliitatua kwa akili. Ule usiotatulika haukuwafanya waseme kwamba ndivyo Mungu alivyopanga. Waliondoka usiku, wakavuka maji, na simulizi haimsahau kiongozi aliyewatangulia. Watoto wa Tigania wanaposikia habari za Musa na Bahari ya Shamu huwa wamekwisha kuijua njia.

Nimeyasema haya yote ili nifike mahali ambapo mwalimu wa Tigania hapendi kufika.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Kizito, shule ya mseto ya bweni iliyokuwa hapa hapa Tigania, wavulana waliwashambulia wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo wao. Wasichana walikimbilia bweni moja. Wavulana wakalivunja. Wasichana 19 walikufa, wengi wao kwa kusongamana na kukosa hewa, na zaidi ya 70 walibakwa. Kiongozi mmoja wa shule alinukuliwa magazetini akieleza kwamba wavulana hawakuwa na nia ya kuwadhuru wasichana. Walitaka kuwabaka tu.

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi na sijakutana na neno fupi lililobeba uovu mzito kuliko hilo "tu". Neno hilo halikuzuka usiku ule. Lilikuwa limekaa shuleni, na nje ya shule, kwa muda mrefu, likipunguza kila jambo hadi likaonekana dogo. Lilikuwa ni ujana tu, utundu tu, mambo ya wavulana tu. Waliolizoea ndio walioshangaa asubuhi walipohesabu miili.

Shule ilifungwa, na baadaye ikafunguliwa kwa jina jingine ikiwa ya wavulana. Yumkini lilikuwa jambo la busara kulibadilisha jina, lakini mimi hulifikiria lile la kwanza. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote miongoni mwa mashahidi wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, akiwa na umri wa takriban miaka 14, mtumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Masimulizi ya Kanisa yanasema kwamba miongoni mwa makosa ya vijana wale ni kukataa matakwa ya kimwili ya mfalme. Waliompa msimamizi huyo shule ile walijua walichokuwa wakikiomba. Mtoto aliyekufa kwa kukataa ndiye aliyekuwa jina la mahali ambapo wasichana 19 walikufa kwa kukataa.

Sasa mhubiri atasema nini juu ya kaburi la msichana wa namna hiyo? Kwamba Mungu alichuma ua? Nasema bila kusitasita kwamba anayesema hivyo anamsingizia Mungu. Hata msalaba, neno tunalolitumia kila tunapotaka mtu avumilie ("kila mtu na msalaba wake"), haukuwa homa wala ukame. Ulikuwa hukumu ya dola, uliotiwa sahihi na gavana aliyejua kwamba mshtakiwa hana hatia, na kupigiliwa misumari na askari waliolipwa mshahara. Kanuni ya Imani inamtaja gavana huyo kwa jina kila Jumapili. Kanisa halikusema kwamba Yesu "aliitwa".

Mchungaji mmoja ninayemheshimu alinipinga katika hoja hii, na hoja yake si dhaifu. Alisema aliyefiwa hawezi kupokea uchunguzi siku ya maziko. Anahitaji kitu cha kushika, na neno majaliwa ni fimbo iliyo karibu. Nakubali kwamba siku ya maziko si siku ya mashtaka. Marafiki wa Ayubu walitufundisha la kufanya siku hiyo: kuketi chini na kunyamaza. Lakini siku saba zikiisha, fimbo ile haitamfikisha mbali, maana mzazi aliyeambiwa kwamba Mungu ndiye aliyemwua mwanawe ana mambo mawili tu ya kufanya: kumwogopa Mungu huyo au kumwacha. Nimewaona waliofanya la kwanza na waliofanya la pili.

Iko njia nyingine, na watu wa Meru wenyewe wameionyesha. Mwaka 2012 shirika la kidini la Ripples International, lenye makao mjini Meru, ambalo huwahifadhi wasichana waliotendewa unyama, lilikwenda mahakamani pamoja na wasichana hao. Malalamiko yao yalikuwa mepesi kueleweka: walipiga ripoti polisi, na polisi hawakuchunguza, au waliwacheka, au walidai fedha. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru aliamua kwamba polisi kwa kutochunguza walikuwa wamevunja haki za watoto hao, akaamuru uchunguzi ufanywe upasavyo. Kesi hiyo inajulikana hadi nje ya Afrika kama kesi ya wasichana 160. Wengi wa walimu niliowauliza hawakuwa wameisikia, ingawa iliamuliwa katika mji wanakokwenda kuchukua vitabu.

Wale wahifadhi walisali, sina shaka; ni watu wa sala. Waliwafuta watoto machozi na kuwapa uji. Kisha wakaandika majina ya watenda, tarehe na vituo vya polisi, wakayapeleka penye jaji. Kama saburi maana yake ni kubaki chini ya mzigo ukiwa umesimama, basi sijui mfano ulio bora kuliko huo katika historia ya hivi karibuni ya wilaya zetu.

Mwalimu msomaji wangu, wewe ndiwe unayekaa na watoto hawa siku nyingi kuliko padri na jaji. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, na wavulana 21 wakafa. Juma lililofuata wanafunzi kote nchini walirudi kulala katika mabweni yao, nao walikuwa na maswali. Mwanafunzi anayeuliza kama dirisha la bweni lake linafunguka hajapungukiwa na imani. Mjibu kwanza kuhusu dirisha. Usimpe mstari wa Maandiko mahali alipoomba ufunguo. Akija mwingine aliyefiwa na mama, akakaa darasani bila kuandika, huyo naye usimkimbilie na methali. Mruhusu akae, na akitaka kumlaumu Mungu mruhusu pia, kwa kuwa Zaburi zilimruhusu kabla yako. Na utakaposahihisha ile insha ya ajali, ipe methali alama yake, halafu uandike pambizoni kwa kalamu nyekundu: nani alikuwa akiendesha?

Lau wangeishi, wasichana wale 19 leo wangekuwa akina mama wa karibu miaka hamsini, wengine wakiwa walimu katika shule hizi hizi. Kila tarehe 3 Juni Wakatoliki wa Afrika Mashariki humkumbuka Kizito na wenzake, na mahujaji hutembea kwa miguu hadi Namugongo. Napendekeza kwamba tarehe 13 Julai shule za Tigania, ziwe za Wakatoliki, za Wamethodisti au za serikali, zisimamishe masomo kwa nusu saa. Kengele ipigwe mara 19. Majina yasomwe kwa sauti, polepole, na mwanamke anayezungumza Kitigania, na mhubiri aliyealikwa aketi pamoja na wanafunzi asiseme lolote mpaka jina la mwisho lisomwe. Wazazi waliobaki waulizwe kwanza kama wanaridhia. Wengi wao sasa ni wazee, na hawaishi mbali.